East African Airways haikufa kwa kukosa abiria

Kila Air Tanzania ikishusha ndege mpya pale Dar magari ya zimamoto yanaimwagia maji, viongozi wamepanga mstari, simu zote ziko juu zinarekodi, na mimi nafurahi kweli maana nchi kuwa na ndege zake ni jambo kubwa. Ila kuna kitu kinanikereketa kila mara, pale mtu anaposema sasa ndo na sisi tumeingia kwenye biashara ya ndege za maana. Jamani. Mwaka 1960 pale Embakasi Nairobi zilikuwa zinatua ndege za jeti zimeandikwa East African ubavuni, na hapo Tanganyika bado haijapata hata uhuru. Ndege zenyewe Comet 4, aina ileile waliyokuwa wanarukia BOAC, shirika la ndege la Uingereza. Na miaka sita baadaye tukawa tunachukua Super VC10 mpya kabisa kutoka kiwandani, sio mtumba, sio za kukodi.

Nasema "tuka" kwa makusudi, kwa sababu lile shirika lilikuwa la kwetu wote, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Na kizazi changu karibu chote hatulijui. Ukiuliza utaambiwa "si lilivunjika na Jumuiya", basi, habari imeisha. Nimekuwa nasoma habari zake kwa muda sasa na kadiri ninavyosoma naona kwamba maelezo hayo ya mstari mmoja yanatunyima somo lote.

Tuanze nyuma kidogo. Kabla ya East African Airways kulikuwa na Wilson Airways, ilianzishwa Nairobi mwaka 1929 na mama mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, akishirikiana na rubani Tom Campbell Black. Walianza na vindege vidogo vidogo, wakawa wanabeba barua, abiria wachache, wagonjwa, na wale waliokuwa na haraka ya kufika mashambani. Uwanja wa Wilson wa Nairobi ndo umepewa jina la huyo mama, na leo bado una shughuli nyingi mno. Kipindi hichohicho Waingereza kupitia Imperial Airways walikuwa wanaleta barua kutoka London mpaka Mwanza, hiyo ni Februari 1931, yaani Mwanza ilikuwa kituo cha mwisho cha ndege kutoka Ulaya kabla miji mingi mikubwa ya Afrika haijafikiwa. Baadaye zikaja ndege zinazotua majini, zikawa zinashukia Kisumu, Mombasa, Dar, Lindi, zinaendelea kusini mpaka Durban. Lindi! Leo ukimwambia mtu wa Lindi kwamba bandarini kwao palikuwa panatua ndege ya kwenda Afrika Kusini hatakuelewa.

Vita ya pili ikaja, Wilson Airways ikamezwa na jeshi mwaka 1939, haikurudi tena.

Vita ilipoisha serikali za kikoloni zikaona hakuna koloni hata moja hapa lenye uwezo wa kuendesha shirika peke yake, abiria wenyewe wako wapi, mtaji uko wapi. Wakaunganisha. Tarehe 1 Januari 1946 East African Airways ikaanza kuruka na ndege sita za de Havilland Dominie walizozipata kupitia BOAC. Dominie ni ndege ya mbao na kitambaa, mabawa yamepangana juu na chini, pangaboi mbili, inabeba watu wasiofika kumi. Hisa ziligawanywa hivi, Kenya karibu theluthi mbili, Uganda zaidi kidogo ya moja ya tano, Tanganyika kama asilimia 9 na Zanzibar haikufika hata asilimia moja. 

Kitu cha kushika, mwaka huohuo 1946, mwezi wa Aprili, Ethiopian Airlines nayo ikaruka kwa mara ya kwanza, Addis Ababa kwenda Cairo. Yaani hawa wawili ni rika moja kabisa. Nitarudi hapo.

Miaka ya 50 kwangu mimi ndo sehemu tamu ya hadithi. Hapo ndo Dakota inaingia, DC-3, ile ndege ambayo wazee wetu wakisema "ndege" wao wanaona hiyo kichwani, mkia umekaa chini pua iko juu, ukiingia unapanda mwinuko kwenda kwenye kiti chako. Dakota ilikuwa haichagui, ukiipa kiwanja cha nyasi kilichofyekwa vizuri inatua. Kwa hiyo shirika likaweza kufika Tabora, Mbeya, Mtwara, Nachingwea, Mwanza, Tanga, Pemba, Mafia, Mombasa, Kisumu, sehemu ambazo kwa barabara za wakati ule, hasa masika, ungeweza kukaa siku kadhaa njiani au usifike kabisa. Kwa nchi kubwa kama Tanganyika hiyo haikuwa anasa hata kidogo, ilikuwa ndo njia ya barua na dawa na fedha za mishahara na maafisa kufika kusini. Na ni Dakota ya East African Airways iliyombeba Elizabeth kutoka Nanyuki mpaka Entebbe tarehe 6 Februari 1952, siku aliyopata habari ya kifo cha baba yake akiwa Kenya na kuwa malkia, pale Entebbe ndo akapanda ndege ya BOAC kurudi London. Shirika la miaka sita tu, lishapewa kazi hiyo.

Kulikuwa na machungu pia na sitaki kuyaruka. Tarehe 18 Mei 1955 Dakota iliyokuwa inatoka Dar kwenda Nairobi iliugonga Mlima Kilimanjaro, wote 20 waliokuwemo wakafa. Anayeruka Dar–Nairobi leo anapita karibu na mlima uleule, rubani anakutangazia uangalie dirishani upige picha, wakati marubani wa Dakota walikuwa wanapita chini humo kwenye mawingu, hawana rada ya hali ya hewa, wanategemea saa na dira na hesabu za kichwani.

Mwaka 1957 wakachukua Canadair Argonaut zilizokuwa za BOAC na kuanza safari za London. Mwaka uliofuata uwanja mpya wa Embakasi ukafunguliwa, huu ambao sasa ni Jomo Kenyatta. Halafu 1960 zikaja Comet. Naomba uelewe uzito wa hilo jambo, jeti za abiria zilikuwa bado kitu kipya duniani, mashirika mengi makubwa yalikuwa bado yanaruka na pangaboi kuvuka bahari, na Ethiopian niliyoitaja hapo juu jeti zake za kwanza zilifika mwishoni mwa 1962. Sisi tulitangulia. Sipendi sana mashindano ya nani kamtangulia nani lakini hili lazima lisemwe kwa sababu ndo linaonyesha nguvu ya kuunganisha soko. Sio Nairobi peke yake iliyonunua Comet, wala Kampala wala Dar, hakuna hata mmoja angeweza. Ni tiketi za abiria wa Bukoba na Entebbe na Mombasa na Zanzibar zikiwekwa chungu kimoja ndo zinamfanya mwenye benki na mwenye kiwanda wakusikilize.

1962 wakaongeza Fokker Friendship kwa safari za ndani, ile ya mabawa juu, madirisha makubwa, presha ya hewa ndani, ikawa inapita juu ya mawingu ambayo Dakota ilikuwa inapigana nayo.

Sasa Super VC10. Hapa nitakaa kidogo, wasiopenda mambo ya ndege nivumilieni. Nairobi iko juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mchana kuna joto. Hewa ya juu ni nyepesi, ikipata joto inazidi kuwa nyepesi, kwa hiyo bawa linabeba kidogo na injini inasukuma kidogo. Ndege ileile ambayo London inapaa imejaa, Nairobi inabidi upunguze mafuta au abiria au uwe na njia ndefu kweli ya kurukia, na ndo maana njia ya Embakasi ina zaidi ya kilomita nne. Waingereza waliitengeneza VC10 wakiwaza viwanja vya namna hii hasa, vya Afrika na Asia. Injini nne za Rolls-Royce Conway wakazipeleka zote nyuma mkiani, bawa likabaki safi halina kitu kinaning'inia, wakaweza kuweka mabamba ya kuongeza unyanyuko karibu bawa zima. Matokeo yake ndege inapaa kwa mwendo mdogo na umbali mfupi. Na za kwetu zilitengenezwa na mlango mkubwa wa mizigo ubavuni ili ziweze kuchanganya abiria na mzigo. Tano tulichukua, ya kwanza 1966 na ya mwisho 1970, na hiyo ya mwisho ndo ilikuwa VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani. Kiwanda kilifunga hesabu ya VC10 na ndege yetu.

Halafu angalia usajili wake. Ndege ya Tanzania inaanza na 5H, ya Uganda 5X, ya Kenya 5Y. Zile VC10 tano zilikuwa 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. Mbili Uganda, mbili Tanzania, moja Kenya. Zilipokuja DC-9 tatu kuanzia 1970 ikawa vilevile, moja moja kila nchi. Rangi ni moja, rubani ni mmoja, karakana moja, ila kila nchi ina ndege ambayo kwenye makaratasi inaweza kuionyesha kidole. Mtu anaweza kuona ni mambo ya siasa tu, mimi naona kuna mtu alikaa akafikiri vizuri jinsi ya kuwafanya watu watatu wajisikie wenye mali. Na zilikuwa zinafika mbali, London, Roma, Karachi, Bombay, Lusaka, Blantyre, Hong Kong, na kuingia miaka ya 70 mpaka New York.

Wakati huo shirika lilikuwa chini ya Jumuiya mpya. Mkataba ulisainiwa Kampala tarehe 6 Juni 1967, Nyerere, Kenyatta na Obote. Katika ule mgawanyo makao makuu ya Jumuiya yakaenda Arusha, Bandari ikapewa Dar, Posta na Simu ikaenda Kampala, na Reli na Ndege zikabaki Nairobi. Mwenyekiti wa bodi wa shirika la ndege akaja kuwa Chifu Abdulla Said Fundikira wa Unyanyembe, mtu wa Tabora. Mwaka 1971 chuo cha marubani na mafundi kikafunguliwa Soroti, Uganda, kwa ajili ya vijana wa nchi zote tatu, na kile chuo mpaka leo kipo.

Kwa nini basi likafa?

Wengi wanaanza na Amin na ni kweli hapo pana uzito. Januari 1971 Amin anampindua Obote, Nyerere anakataa kabisa kukaa naye meza moja, na ule mkataba ulikuwa umeandikwa kwamba chombo cha juu cha maamuzi ni marais watatu wakiwa pamoja. Wasipokaa, hakuna wa kuamua mambo makubwa. Kwa hiyo shirika la kimataifa lenye madeni ya fedha za kigeni likawa linaendeshwa miaka sita bila wenye mali kukutana. Hakuna biashara inayovumilia hiyo.

Lakini mimi naona mzizi ulishaota kabla ya Amin, mwaka 1966, pale kila nchi ilipoacha shilingi moja ya Afrika Mashariki na kutengeneza ya kwake. Kabla ya hapo tiketi ikikatwa Mwanza hela yake inaweza kulipa mafuta Nairobi bila kuuliza mtu. Baada ya hapo hela ya Mwanza ni shilingi ya Tanzania, ili ifike Nairobi lazima benki kuu ikubali kuitoa, na benki kuu ina shida zake za fedha za kigeni. Mwanzoni zinapita, afu zinachelewa, afu hazifiki. Ni kama daladala yenye wenye mali watatu, kila mmoja anakusanya nauli kwenye kituo chake, jioni hesabu haimfikii yule anayenunua mafuta na tairi, na wote watatu asubuhi wanashangaa gari mbona halijawaka.

Na kila upande ulikuwa na malalamiko ya kweli, hili ndo linalonifanya nisipende hadithi za kumtafuta mchawi mmoja. Tanzania ilikuwa inasema, ajira zote nzuri, karakana, ofisi kubwa, mishahara, vyote viko Nairobi, hata watalii wakija kuona Serengeti wanashukia Nairobi hela wanaacha kule, ndo maana tukajenga uwanja wetu wa Kilimanjaro uliofunguliwa Desemba 1971. Kenya nayo inasema, sisi ndo tunaoleta abiria wengi na safari za nje zenye faida, wakati safari za viwanja vidogo vya Tanzania zinakula hasara na nyie hela hamleti. Uganda chini ya Amin uchumi ulianguka baada ya kufukuzwa Waasia 1972, wale waliokuwa wateja wakubwa wa tiketi wakaondoka, wengine wakaondokea kwenye ndege hizohizo za East African. Ukisikiliza mmoja mmoja unaona ana hoja. Ukiwaweka pamoja unaona hakuna aliyekuwa analitetea shirika lenyewe.

Katikati ya hayo ikaja ajali. Tarehe 18 Aprili 1972 ile 5X-UVA, safari ya Nairobi–Addis Ababa–Roma–London, ilikuwa inakimbia kupaa pale Addis, ikakanyaga kipande cha chuma cha jeki kilichodondoka kutoka kwenye ndege ndogo, tairi la mbele likapasuka. Rubani akaamua kusimamisha. Breki hazikushika kwa nguvu yote kwa sababu sehemu ya mfumo wake ilikuwa imefungwa vibaya, ndege ikatoka mwisho wa njia ikashuka bondeni na kuwaka moto. Watu 43 wakafa kati ya 107. Nikisoma hii habari naumia kwa jinsi vitu viwili vidogo, chuma cha mtu mwingine na kosa la karakana, vinavyoweza kukutana sekunde moja.

Mwaka 1973 mafuta yakapanda bei dunia nzima, na VC10 pamoja na uzuri wake wote ilikuwa inakunywa mafuta kweli, injini nne za zamani. Madeni yakaongezeka. Siwezi kusema uongozi wa shirika haukuwa na makosa, kufungua ruti ndefu kama New York kwa shirika la ukubwa ule ilikuwa tamaa iliyopitiliza, abiria wa kutosha hawakuwepo na mashirika makubwa yalishakaa pale. Ila ruti mbaya inafungwa, watu wanaendelea na kazi. Ndani ya Afrika Mashariki abiria walikuwepo, watalii walikuwa wanaongezeka, mizigo ipo. Kisichokuwepo ni hela kufika zinapotakiwa na mtu wa kusema neno la mwisho.

Mwanzoni mwa 1977 ndege zikasimama. Kenya ilishaunda Kenya Airways tarehe 22 Januari na tarehe 4 Februari ikaanza kuruka na Boeing 707 za kukodi kutoka British Midland. Tanzania ikakasirika, mwezi huohuo wa Februari mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na ukakaa umefungwa mpaka Novemba 1983. Hebu fikiria, Namanga imefungwa, Holili imefungwa, Wamasai na Wachaga wenye ndugu pande zote mbili, wafanyabiashara, wanafunzi, kwa zaidi ya miaka sita, na shirika la ndege likiwa miongoni mwa cheche zilizowasha moto huo. Machi 1977 ikaundwa Air Tanzania. Uganda Airlines ilishaandikishwa mwaka mmoja kabla. Kugawana mali na madeni ya Jumuiya nzima kukamchukua msuluhishi Mswisi Victor Umbricht miaka, mpaka makubaliano yakasainiwa Arusha Mei 1984.

Kuna mzee mmoja huku kwetu aliyewahi kufanya kazi karakana ya ndege enzi hizo, aliwahi kunielewesha kitu ambacho vitabu havisemi sana. Leseni ya fundi wa ndege haisemi tu "fundi", inasema fundi wa ndege aina fulani na injini aina fulani. Kwa hiyo shirika lilipokufa fundi aliyesomea Conway ya VC10 alibaki na ujuzi ambao hakuna ndege ya kuufanyia kazi, inabidi aanze kusomea upya aina nyingine, kama kuna wa kumlipia. Na karakana iliyokuwa inahudumia nchi tatu ikabaki ya mmoja, wengine wawili wakaanza kutafuta vifaa, spea, mafundi, waalimu, kila kitu upya. Tukizungumzia hasara ya 1977 huwa tunahesabu ndege, ila mimi nadhani hii ya karakana na watu ndo kubwa zaidi. Na wazee wenyewe, wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya, mnakumbuka walivyozunguka Dar na mabango miaka na miaka wakidai mafao yao, mpaka kesi kufika mahakamani na makubaliano kupatikana 2005, na hata baada ya hapo manung'uniko hayakuisha. Wengi walikufa wakisubiri. Watu waliotufikisha London kwa jeti.

VC10 nne zilizobaki zilirudi Uingereza kwa mtengenezaji kwa sababu ya madeni. Zikakaa, kisha jeshi la anga la Uingereza likazinunua, wakazigeuza kuwa ndege za kubeba mafuta na kuyagawa kwa ndege nyingine angani. Zikafanya kazi hiyo karibu miaka 30, zikaenda vita ya Ghuba 1991, zikaenda anga za Afghanistan. Na tarehe 25 Septemba 2013 VC10 ya mwisho kuruka duniani ilitua Bruntingthorpe, Uingereza, ikiwa na namba ya jeshi ZA147. Hiyo ZA147 ndo 5H-MMT yetu. Ndege iliyosajiliwa Tanzania, ikadumu kuliko zote za aina yake, sisi wenyewe tuliitumia miaka kumi hivi, Waingereza wakaitumia mpaka 2013. Ukweli huu ndo unanifanya nikatae hoja kwamba tulinunua vitu vibovu au vilivyotuzidi. Ndege ilikuwa nzima.

Kilichofuata kwetu tunakijua. Uganda Airlines ikafungwa 2001 na kufufuka 2019. Air Tanzania ikaunganishwa na South African Airways 2002, wakaachana 2006, ikafika mahali haina ndege ya kueleweka mpaka serikali ilipoanza kununua upya 2016. Kenya Airways ndo ilifika mbali zaidi, KLM wa Uholanzi wakaingia 1996 na asilimia 26, ikakua, halafu nayo ikaingia kwenye madeni mazito. Katikati ya miaka ya 90 Uganda na Tanzania zilijaribu tena kitu cha pamoja na Waafrika Kusini, kikaitwa Alliance, hakikudumu. Na Januari 2024 tukarudi palepale, Kenya haijaipa ndege ya mizigo ya Air Tanzania ruhusa ya kubeba mzigo kutoka Nairobi kwenda nchi nyingine, Tanzania ikatangaza kuzuia safari za abiria za Kenya Airways kwenda Dar, baada ya siku chache wakazungumza yakaisha. Niliposoma tangazo lile moyo ulishtuka, maana ni maneno yaleyale ya miaka ya 70, wewe umeninyima hiki na mimi nakunyima kile.

Sasa rudi kwa yule rika yetu, Ethiopian. Ilianza mwaka mmoja na sisi, ikapata jeti baada yetu. Nchi yao ikapita mapinduzi 1974, utawala wa kijeshi, njaa, vita, vitu vizito kuliko vyetu. Ila mwenye mali alikuwa mmoja, karakana ni yao, chuo cha marubani ni chao, na kila utawala uliokuja uliliacha shirika lifanye kazi ya ndege. Leo ndo kubwa kuliko yote Afrika na sisi huku tukienda Ulaya au Asia wengi tunapita Bole, uwanja wao wa Addis, kubadilisha ndege. Hawana siri ya ajabu. Hawakukatiza tu. Sisi tulikatiza 1977 tukaanza upya mara tatu, kila mmoja kivyake, na soko lilelile likiwa limekatwa vipande.

Sisemi turudishe East African Airways, sidhani kama kuna serikali hata moja itakubali kufuta jina lake ubavuni mwa ndege na naelewa kwa nini. Ila kuna mambo hayahitaji kufuta jina. Karakana moja kubwa ya matengenezo mazito badala ya kila mmoja kupeleka ndege nje na kulipa dola. Soroti ipewe wanafunzi wa nchi zote kama ilivyokusudiwa. Safari ya Dar–Entebbe au Kilimanjaro–Nairobi ihesabiwe kama safari ya ndani na kodi zake zishuke, maana sasa hivi kuna wakati tiketi ya saa moja hapa kwetu inakaribia ya kwenda Dubai. Na malipo kati ya nchi na nchi yawe na utaratibu ambao hausubiri marais wawe na maelewano mazuri wiki hiyo.

Na kama una mzee nyumbani aliyekuwa rubani, fundi, mhudumu, mkata tiketi, hata mbeba mizigo wa East African Airways pale Dar au Entebbe au Embakasi, kaa naye umuulize na umrekodi na simu. Muulize walikuwa wanaruka na nani, wimbo gani unapigwa ndani, chakula kilipikwa wapi, Mtwara walitua vipi masika, mshahara wa mwisho aliupata lini. Mambo ya VC10 na mikataba yameandikwa na Waingereza kwa uangalifu mkubwa, mpaka namba ya kila injini. Ya hawa wazee hayajaandikwa na yeyote.